Kamera Iliyomsogeza Mama Mkwe

Kama kuna siku Debora alitamani kuwa bubu, ni Jumatatu ile iliyofuata harusi ya binamu yake Veronica. Sauti yake, ile ambayo paroko aliisifia kila aliposoma somo kanisani, ile iliyowanyamazisha watoto wa chekechea bila fimbo, ndiyo iliyouaibisha ukoo wa baba yake mbele ya watu mia tatu. Na wala hakusema neno baya. Tena siku hiyo hakusema kitu kabisa; alikuwa nyuma ya nyumba na akina mama, anapakua wali.

"Debora!" baba yake aliita kutoka barazani.

"Abee, baba."

"Njoo ukae hapa."

Alikaa mkekani. Mzee Shigela hakuwa mtu wa makelele. Akikasirika hushusha sauti, na jioni ile aliishusha mpaka Debora akalazimika kuinama ili amsikie.

"Nimempelekea Ngeleja salamu. Jumamosi asije."

Moyo ulimlipuka paa! Ngeleja ndiye aliyekuwa mshenga wa Mayunga. Alikwishakuja mara moja na barua ya posa, akapokelewa vizuri, akaambiwa arudi Jumamosi kuchukua jibu. Wiki mbili nzima Debora alikuwa akihesabu siku kama mtoto anayengoja nguo ya Krismasi.

"Asije Jumamosi, au asije tena, baba?"

"Umenisikia."

"Baba, Mayunga hakukusudia…"

"Dada yangu ameshikwa kiuno na mkwewe, Debora! Mbele ya watu! Na aliyewaamuru wasogeleane ni nani? Ni wewe. Kila mtu aliijua ile sauti."

Mama Eufrasia, mama yake Debora, aliyekuwa akichambua mlenda pembeni, aliinua macho. "Hakumshika kiuno, baba Debora. Alimdaka asianguke."

"Kudaka na kushika vina tofauti gani?"

"Vina tofauti. Ungeanguka wewe ungejua."

Mzee Shigela hakucheka. Debora alitaka kucheka, akakuta machozi yamemtangulia.

Sasa wewe ambaye hukulelewa Usukumani, usije ukaona watu hawa wana makuu. Huku kwetu, tangu siku wazee wanapomkubali kijana awe mkwe, mama wa binti na kijana huyo hawashikani tena mikono, hawali chombo kimoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anampisha mwenzake, tena kwa mbali. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na mama akimkwepa mkwewe vizuri anasifiwa kijiji kizima.

Na Mayunga je, alifanyaje? Mayunga alikuwa fundi redio mjini Bariadi. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, pamba ananunua kila mwenye mzani wake, na maduka yamejaa redio na televisheni za mtumba kutoka Dubai. Mayunga alinunua kamera ya video, akawa anapiga harusi na ubatizo. Lakini alifanya kazi peke yake, na watu wetu mbele ya kamera, jamani! Wanasimama wima kama nguzo, kila mmoja mbali na mwenzake. Mayunga akiiacha kamera akawapange, akirudi anakuta wameshahama. Mikanda yake ikawa imejaa mabega na vichwa nusu.

Ndipo akaja na ubunifu wake. Juu ya kamera alifunga jicho la kioo linaloona mwanga, balbu mbili za pikipiki, nyekundu na kijani, na redio mbili ndogo za kaseti. Nyuma ya watu aliweka taa kali. Mwanga ukipenya katikati ya watu wawili, jicho linauona, balbu nyekundu inawaka, na kaseti inasema kwa sauti laini: "Sogeleaneni kidogo, bado kuna nafasi." Wakibanana vizuri, kijani kinawaka: "Asanteni, hapo hapo, msitikisike." Sauti ilikuwa ya Debora. Alirekodi alasiri moja dukani kwa Mayunga, huku akicheka, na Mayunga akirudia kumwomba aseme tena ingawa mara ya kwanza ilishatosha.

Harusi ya Veronica ilikuwa chini ya turubai. Mayunga alikuwa amekwenda kuliwasha jenereta lililozimika. Wakati huo huo mshereheshaji, aliyekuwa ameshachangamka kupita kiasi, akaiita familia ya bibi harusi mbele ya kamera, ambayo pamoja na taa yake ilikuwa ikitumia betri. Shangazi Domitila, mama wa Veronica, akasimama mwisho wa mstari, na bwana harusi Januarius akasimama hatua nne kutoka kwake, anatazama kando, kama inavyotakiwa. Mwanga ukapita katikati. Nyekundu. "Sogeleaneni kidogo, bado kuna nafasi."

Hawakusogea. Kamera ikarudia. Ikarudia tena. Watu wakaanza kusema, "Sogeeni, mashine inakataa!" Mshereheshaji akamsukuma Januarius huku, akamvuta Domitila kule. Domitila akarudi nyuma, kisigino kikanasa kwenye waya, na Januarius, maskini wa Mungu, akamdaka. Khanga ya mama wa watu ikamdondoka kutoka kichwani. Turubai zima likanyamaza. Na katika ule ukimya, balbu ya kijani ikawaka, na sauti ya Debora ikasikika tamu kama asali: "Asanteni, hapo hapo, msitikisike."

Jumanne, watoto wa chekechea walipokwisha kuondoka, Debora alipanda baiskeli kutoka kijijini kwao Ngulyati mpaka mjini. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya upole. Alipofika mlangoni kwa Mayunga, yote yakayeyuka.

Mayunga alikuwa amekaa kwenye kigoda, bisibisi mkononi, anang'oa lile jicho la kioo. Alikuwa hajanyoa. Macho yake, ambayo Debora aliyapenda kwa sababu yalicheka kabla ya mdomo, leo yalikuwa mekundu.

"Mwadila, Mayunga," alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila." Aliinuka upesi, akampangusia kiti. "Sikutegemea utakuja."

"Unafanya nini?"

"Nang'oa. Nitapiga picha kama wenzangu wanavyopiga. Halafu kuna mwenye studio Mwanza ananihitaji. Nafikiri niende."

"Uende Mwanza!"

"Debora, Ngeleja kaniletea maneno ya mzee wako. Unataka nikae hapa nikuone unaolewa na mwingine?"

"Nani kakwambia naolewa na mwingine?" Debora alikuwa ameshapandisha sauti. "Yaani mimi ndiye nimeaibika, sauti ni yangu, watoto wananifuata njiani wanasema 'msitikisike, mwalimu', halafu wewe ndiye unayekimbia?"

"Sikimbii."

"Unafunga virago ukiwa umekaa, siyo?"

Mayunga aliinamisha kichwa. Redio ya mteja mmoja ilikuwa ikikoroma mezani, na Mayunga akanyoosha mkono akaizima.

"Ulikuwa wapi?" Debora aliuliza, safari hii polepole.

"Kwenye jenereta. Lilikuwa limezima."

"Ukaiacha peke yake."

"Ndiyo kazi yake, Debora. Niliitengeneza ili nisipokuwepo, ifanye."

"Lakini wewe ni Msukuma. Ungewaona shangazi na Januarius wamesimama vile, ungejua."

"Ningejua. Ila jicho la kioo halijui mkwe wala nini. Linaona mwanga tu."

Debora alivuta kiti karibu. Alikuwa na hasira, lakini alimpenda, na hasira ya mtu anayependa haikai mbali. "Nikuulize. Mimi darasani nikimwambia mtoto asogee kwa mwenzake, nafanyaje?"

"Unamwambia."

"Namwambia, halafu namtazama usoni. Akinuna, najua kuna jambo. Labda mwenzake alimfinya, labda kaptula yake imelowa anaona aibu. Basi namwacha. Wewe, Mayunga, ulichukua sauti yangu, macho yangu ukayaacha nje."

Mayunga alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu mpaka Debora akaona haya, akaanza kuchezea pindo la gauni.

"Macho yako siwezi kuyafunga kwenye kamera," alisema. "Ningeweza ningeyaficha nisiyauze."

"Acha maneno yako. Sitanii."

"Na mimi sitanii."

"Kama haiwezi kuona sura ya mtu, basi imuulize. Inaamuru, inaamuru tu, kama mwanajeshi! Kwa nini isiulize kwanza?"

"Ikiuliza, itajibiwaje? Haisikii."

Debora alizungusha macho dukani. Rafu zilijaa vitu vilivyofumuliwa: spika, nyaya, rimoti zisizo na migongo. Ukutani palining'inia kitufe cha kengele ya mlangoni. "Kile je? Mtu akikishika mkononi, akakibonyeza, kamera haiwezi kujua?"

Mayunga alikitazama kitufe, akamtazama yeye, akasimama. Debora alimjua akiwa hivyo. Akipata wazo hukuna sikio, na sasa alilikuna mpaka likawa jekundu.

"Anayepigwa picha anashika kitufe," alisema taratibu. "Kamera inauliza, mmesimama mnavyotaka? Akibonyeza, jicho linazimika, haisumbui mtu tena. Asipobonyeza, ndipo inamsaidia kujipanga. Debora! Ni waya mmoja tu!"

"Miaka yote hiyo ya ufundi, hukuwaza?"

"Nilikuwa nawaza namna watu watakavyoitii. Sikuwaza kwamba wana la kusema." Aliketi tena, akawa mpole ghafla. "Lakini mzee wako ameshafunga mlango. Hata nikitengeneza, nani ataitazama?"

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Shangazi Domitila ndiye aliyekosewa. Twende kwa shangazi kwanza."

"Nimpelekee mbuzi wa kuomba radhi?"

"Nitamuuliza."

Alirekodi upya palepale. Mayunga alishika kipaza sauti karibu na midomo yake.

"Mmesimama mnavyotaka?" Debora alisema. "Kama ndiyo, bonyezeni."

"Sema tena."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika." Mayunga aliangalia chini. "Siku usizopita hapa dukani huwa naiwasha ile kaseti ya zamani. Inaniambia nisogee, na sina wa kumsogelea."

Debora akasema tena, mara mbili, na mara ya tatu bila kuombwa.

Shangazi Domitila hakutaka mbuzi. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi kwa kawaida, na Debora alipomwendea kesho yake alimkuta amenuna jikoni kwake.

"Mbuzi nitamla, ataisha," alisema. "Ule mkanda hauishi. Nimemwoza binti mmoja tu niliye naye, nikashonesha gauni, nikasuka nywele, na picha pekee niliyobaki nayo nimefumba macho, khanga iko chini, nimebebwa na mkwe wangu! Wajukuu zangu ndiyo waje waone hiyo? Mwambie huyo kijana anipige upya. Nisimame kama mama mkwe anavyosimama. Akishindwa, asinione tena."

"Kwako hapa, shangazi?"

"Kwa kaka yangu. Aliyekasirika ni yeye, basi aje aone."

Hivyo ndivyo Alhamisi Mayunga alivyofika Ngulyati, sanduku la kamera limefungwa nyuma ya baiskeli, shati limepigwa pasi. Mzee Shigela aliitikia shikamoo yake kwa neno moja, kwa heshima ya dada yake tu. Lakini Mama Eufrasia alimpa mkono, akamshika kwa mikono yote miwili, akamletea maji ya kunywa mwenyewe, akasimama mbele yake mpaka akamaliza kikombe.

"Umekonda, fundi," alimwambia.

"Kazi, mama."

"Kazi gani? Mawazo hayo," alisema, akachukua kikombe chake akaenda zake.

Domitila alikuja na gauni lile lile la harusi, na khanga mpya kichwani. Januarius alikuja nyuma yake kwa mbali, na hata alipoingia uani alipita upande wa pili wa kihenge cha nafaka. Mayunga akaweka kamera juu ya miguu yake mitatu, akawasha taa nyuma, akampa Debora kitufe ampelekee shangazi.

"Nifanye nini na hiki?"

"Itakuuliza, shangazi. Ukiridhika, bonyeza. Usiporidhika, kaa nacho tu."

Domitila akasimama. Januarius akasimama hatua nne kutoka kwake, akaugeuzia uso mwembe wa jirani. Mwanga ukapenya katikati yao, mpana kama mlango. Balbu nyekundu ikawaka. Debora alishika kifua. Aliona mgongo wa baba yake umekakamaa kwenye kiti.

"Mmesimama mnavyotaka?" sauti yake ikauliza kutoka kwenye kamera. "Kama ndiyo, bonyezeni."

Domitila alikitazama kitufe, akakibonyeza kwa kidole gumba. Nyekundu ikazimika. Kijani kikawaka. "Asanteni, hapo hapo, msitikisike."

"Yaani imekubali?" Domitila alipiga kelele.

"Imekubali, shangazi."

"Na nikitaka Januarius aende mbali zaidi?"

"Aende tu. Wewe ndiye unayeiambia."

"Januarius! Hatua mbili nyuma!" Alibonyeza tena. Kijani. Domitila akacheka mpaka mabega yakatikisika, akapigwa picha akicheka, na nakwambia hakuna picha nzuri zaidi ya mama mkwe katika wilaya nzima. Baadaye akamwambia Januarius apishe, akamwita kaka yake. "Shigela, njoo. Njoo na wewe uulizwe."

"Mimi sina haja."

"Njoo, mjomba wa Veronica, usinitie aibu mara ya pili."

Mzee Shigela alijongea. Alisimama peke yake mbele ya taa, kofia mkononi, kitufe mkononi. Kamera ikamuuliza. Hakubonyeza. Ikamuuliza tena, na Debora aliijua sauti yake mwenyewe, ile ya tatu, ile aliyoisema bila kuombwa. Baba yake aliisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akamtazama Mayunga kwa mara ya kwanza siku ile.

"Hii ya kuuliza, umeifikiria wewe?"

Mayunga angeweza kusema ndiyo. "Hapana, mzee. Ni Debora. Mimi nilifunga waya tu."

Mzee Shigela akavaa kofia yake, akairekebisha, akabonyeza.

Picha zilipokwisha, Mzee Shigela, mkewe na Domitila waliingia ndani, mlango ukafungwa. Januarius akaaga akaenda zake. Mayunga akaanza kukunja nyaya, na Debora akaosha vikombe ambavyo alikuwa ameshaviosha. Kila mara walipotazamana, mmoja alitazama mlango.

Mlango ukafunguka. Mama Eufrasia alitoka na sufuria, anakwenda jikoni. Mayunga, kijana wa adabu zake, akapangusa kiganja kwenye suruali, akamwendea amenyoosha mkono.

"Mama, mimi naaga. Ahsante kwa…"

Mama Eufrasia alisimama ghafla. Akavuta khanga akajifunika uso, akageuka, akapotelea nyuma ya kihenge bila kusema neno.

Mkono wa Mayunga ulibaki hewani. "Debora, nimekosa nini tena? Nilipofika kanipa maji mwenyewe!"

Debora alikuwa akitazama ncha ya khanga iliyobaki ikionekana kando ya kihenge, haisogei, inangoja.

Mzee Shigela alitokeza kichwa mlangoni. "Debora!"

"Abee, baba."

"Mwambie mwenzio asisimame hapo njiani. Mama yako atapitaje?" Akarudi ndani.

"Samahani, sikujua nazuia njia," Mayunga alisema. Aliinama akashika sanduku lake. "Basi. Mimi naondoka."

"Weka sanduku chini, we Mayunga!" Debora alikuwa akicheka na kulia pamoja. "Mama anamkimbia nani katika nyumba hii? Mgeni hamkimbii. Fundi hamkimbii. Ulipofika hakukukimbia."

Mayunga alimtazama. Akatazama kihenge. Polepole sana, akaelewa, na sanduku likamponyoka. Akakimbia mpaka ukutani, akasimama huko mbali kabisa, mgongo ameuelekeza uani, paji la uso limegusa matofali, wala hakuthubutu kugeuka mpaka nyayo za mama mkwe wake zilipokwisha kupita.